Mkono unakufa ganzi usiku, na binti ninayemfundisha ususi anataka kuondoka

"Daktari, pole na kazi. Nina miaka 39 na ninasuka tangu nikiwa na 18. Nina fremu yangu Tabata. Kuanzia mwishoni mwa mwaka jana mkono wa kulia unakufa ganzi usiku, naamka saa nane, nautikisa ndipo napata usingizi tena. Siku hizi hata mchana kitana kinaniponyoka. Mabega yananiwaka, miguu inajaa jioni na mishipa imetokeza nyuma ya magoti. Shoga yangu anasema ni baridi yabisi, kwa sababu natoka kwenye draya naenda kushika maji. Jirani ananitisha kwamba ni kiharusi kinakuja. Nakunywa diklofenaki ndipo nafanya kazi. Nilikuwa na wasichana watatu wa kujifunza, wawili wameondoka. Aliyebaki ana miaka 17, ana kipaji kweli, lakini mikono yake imepasukapasuka na inawasha. Mama yake anataka kumtoa, anasema kazi yenyewe ndiyo hii inayommaliza mwalimu wake. Mimi siwezi kuacha, nasomesha watoto watatu. Je, niendelee? Na huyu binti nimwambie nini, kama mwenyewe naumia?"

Dada yangu, pole sana, na ahsante kwa kueleza kila kitu bila kuficha. Umeniuliza juu ya mkono wako, kisha juu ya binti, kana kwamba ni mambo mawili. Kwa miaka niliyotibu wasusi nimeona ni jambo moja. Namna kazi ilivyopangwa ndani ya fremu ndiyo iliyouchosha mkono wako, na ndiyo iliyoipasua mikono yake. Ukibadilisha mpangilio, mtapona wote wawili kwa kiasi kikubwa, na mama yake atakuwa na kitu kipya cha kuona.

Nianze na kiharusi, maana nadhani hofu hiyo inakunyima usingizi kuliko hata ganzi. Kiharusi huja ghafla: uso unapinda upande, mkono na mguu wa upande mmoja vinaishiwa nguvu, maneno yanakwama mdomoni. Hakiji kila saa nane ya usiku kikaondoka ukitikisa mkono. Dalili hizo nilizotaja zikimpata yeyote, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri kupambazuke. Lakini ulivyoeleza ganzi yako, haifanani nazo. Presha pima hata hivyo, kwa kuwa diklofenaki inaweza kuipandisha.

Baridi yabisi nayo ni ugonjwa wa kweli, ila hauletwi na kutoka kwenye moto na kushika maji. Kinga ya mwili ndiyo inayogeuka na kushambulia viungo. Mara nyingi vidole vya mikono yote miwili huvimba kwenye maungio, na asubuhi mtu huamka amekakamaa kwa zaidi ya saa nzima. Imani hii ya moto na maji nimeikuta kwa wapiga pasi na kwa mama ntilie pia, na kwa wasusi ina madhara ya peke yake: fundi akitoka kwenye draya anaogopa kunawa, basi mabaki ya dawa ya nywele yanakaa mikononi hadi jioni. Nawa, dada. Maji hayakudhuru mifupa.

Sasa shika mkono wako wa kulia pale kiganja kinapoanza, juu kidogo ya mkunjo wa saa. Ndani ya hapo pana njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo, dari yake ni utando mgumu usiovutika. Humo zinapita kano tisa za kukunjia vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu unaotoa hisia kwenye dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Unaposuka rasta ndogondogo, vidole vinabana na kuvuta maelfu ya mara kwa siku huku kiganja kimepinda. Tishu zinazozizunguka kano zinavimba, na njia haipanuki. Kilicho laini kuliko vyote humo ndani ni mshipa wa fahamu, basi ndio unaobanwa. Usiku tunalala tumekunja viganja, nafasi inazidi kuwa finyu, ndiyo maana unaamka. Ukitikisa mkono, damu inarudi kuulisha mshipa na ganzi inakwisha.

Jaribu leo usiku. Kutanisha migongo ya mikono yako kifuani, viganja vimekunjwa vidole vikitazama chini, ukae hivyo kwa dakika moja. Kisha angalia: ganzi imeingia vidole vipi? Kama ni dole gumba hadi nusu ya kidole cha pete, na kidole kidogo kimesalimika, tumekaribia jibu: mshipa umebanwa hapo kwenye kiganja. Kama kidole kidogo nacho kimo, au ganzi inashuka kutoka shingoni, huenda mshipa umebanwa sehemu nyingine, na hilo linataka kupimwa na mtu, halitoshi kusomwa.

Katika maelezo yako, kilichonishtua ni kitana kuponyoka. Ganzi ya usiku peke yake inaweza kutibiwa nyumbani kwa muda. Udhaifu ni hatua nyingine. Tandaza viganja vyote viwili mbele yako, utazame ile nyama iliyonona chini ya dole gumba. Kama ya kulia imeanza kubonyea kuliko ya kushoto, usimalize wiki bila kuonwa. Mshipa uliobanwa muda mrefu hufika mahali ambapo hata ukifunguliwa, nguvu hairudi yote.

Nikueleze njia zilizopo na ukweli wa kila moja. Ya kwanza ni splinti, kifaa cha kukinyoosha kiganja, unachovaa ukilala kila usiku kwa wiki sita hivi. Ni ya bei nafuu, haina hatari, na wengi wenye tatizo la wastani hupata nafuu. Isikazwe sana, na isikiinue kiganja kwenda juu. Kiganja kiwe sawa na mkono. Ya pili ni sindano ya kupunguza uvimbe, inayochomwa na daktari mwenye uzoefu. Hutuliza haraka, ila kwa wasusi wanaorudi kwenye kazi ileile kwa namna ileile, ganzi nayo mara nyingi hurudi baada ya miezi. Ya tatu ni upasuaji mdogo wa kuukata ule utando wa juu ili mshipa upumue. Matokeo yake ni mazuri, lakini utakaa wiki kadhaa bila kusuka, na nguvu ya kubana inachukua miezi kurudi. Kwa mtu anayelipa ada za watoto watatu, hilo ni la kupanga, wala si la kuogopa. Usiache pia kupima sukari na tezi ya shingo, na kama kuna uwezekano wa ujauzito sema, maana vyote hivyo huleta ganzi ya aina hii.

Diklofenaki haipo kwenye orodha yangu. Inapunguza maumivu ya bega, ila mshipa uliobanwa haiufungulii njia. Na wewe, kama wasusi wengi ninaowaona, nahisi unainywa saa nne asubuhi kabla ya kula, kwa sababu mteja wa kwanza ameshakaa kitini. Ikinywewa kila siku, hivyo ndivyo vidonda vya tumbo na matatizo ya figo vinavyoanza. Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanauziwa vidonge vidogo vya deksamethasoni au prednisoloni "vya viungo" bila cheti cha daktari. Vinatuliza kweli, na baadaye vinapandisha sukari, vinaujaza uso na kudhoofisha mifupa. Ukishauriwa hivyo na muuza duka, kataa.

Tuje kwenye mabega, na hapa dawa iko ndani ya fremu yako. Kiungo cha bega hakikuumbwa kubeba mikono iliyoinuliwa saa saba mfululizo. Mkono ukipanda karibu na usawa wa bega, kano za juu zinabanwa chini ya mfupa na misuli inanyimwa damu, ndipo unapohisi moto. Kanuni yenyewe ni fupi: kichwa cha mteja kishuke, viwiko vyako vikae karibu na mbavu. Mabibi zetu waliosuka barazani walilijua hili. Mtoto anakaa kwenye mkeka, msusi juu ya kigoda, kichwa kinakuja mapajani. Saluni zimempandisha mteja kwenye kiti kirefu na kumsimamisha fundi, na gharama tumeilipa mabegani. Kwa kazi ya utosini mweke mteja kwenye stuli fupi wewe ukisimama. Ukifika kisogoni, keti wewe kwenye stuli yenye magurudumu. Kama vya kushusha na kupandisha huna, viti viwili vya plastiki vilivyopandana vinatosha kuanzia.

Miguu inajaa kwa sababu damu ya kurudi juu inasukumwa na misuli ya mashavu ya miguu kila unapopiga hatua, na vijilango ndani ya mishipa vinaizuia isirudi chini. Anayesimama tuli hapigi pampu hiyo. Vijilango vinachoka, mishipa inatokeza. Inua visigino mara ishirini kila unapobadilisha fungu la nywele, vaa viatu vyenye soli badala ya kandambili, na ukifika nyumbani lala dakika 15 miguu ikiwa juu ya mito. Soksi za kubana zinasaidia ukizivaa asubuhi kabla miguu haijajaa, ila pima kwanza saizi. Mguu mmoja ukivimba ghafla ukauma kwenye shavu la mguu, usiukande wala kuusugua. Huenda ni damu iliyoganda, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na maji unakunywa? Hukutaja, lakini najua fremu nyingi choo chake ni cha kuomba funguo kwa jirani, basi mafundi hawanywi maji ili wasitoke. Kisha wanakuja kwangu na U.T.I. ya tatu ndani ya mwaka. Kati ya mteja na mteja, nenda. Mteja aliyekaa saa tano naye anatamani kunyoosha mgongo.

Sasa binti. Nimemweka nyuma kwa sababu nilitaka utulie juu ya mkono wako kwanza, siyo kwamba ana uzito mdogo. Nani anaosha nywele saluni kwako? Nina hakika ni yeye. Karibu kila mahali mwanafunzi ndiye wa sinki, na ndiyo maana ukurutu wa mikono wa wasusi mara nyingi huanza mwaka wa kwanza au wa pili wa kujifunza, kabla hata hajajua kusuka vizuri. Ngozi ya juu ni kama ukuta: chembe ndiyo matofali, mafuta ndiyo udongo unaoyashikanisha. Shampuu imetengenezwa kuondoa mafuta, na haichagui kati ya nywele za mteja na mikono ya binti. Vichwa kumi kwa siku, ukuta unapasuka. Baada ya hapo dawa ya nywele na rangi zinapita kwenye nyufa na kuchoma ndani. Kwa wataalamu wa afya ya kazi, mikono kukaa majini zaidi ya saa mbili kwa siku tayari ni hatari kwa ngozi. Hebu mhesabie Jumamosi moja tu.

Kuna aina mbili na lazima mzitofautishe. Ya kwanza ni ngozi kuchoshwa na maji na sabuni: inakauka, inapasuka kati ya vidole, ikipumzishwa siku kadhaa inapona. Ya pili ni aleji, mwili umekwisha kukikataa kitu fulani, na hapo hata tone dogo linatosha. Muulize: amewahi kupakwa piko mikononi, harusini au sikukuu, ikamwasha au ikaacha alama za malengelenge? Piko ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali ileile ya rangi nyeusi za saluni. Aliyepata aleji kwa piko anaweza kuvimba macho na uso siku akichanganya rangi. Kama jibu ni ndiyo, asiguse rangi kabisa mpaka aonwe na daktari wa ngozi. Na kama uso wake umewahi kuvimba au kifua kubana akiwa kazini, msisubiri miadi.

Kwa sasa, mnunulie glovu za nitraili. Za mpira wa kawaida zenye unga nazo huleta aleji kwa baadhi ya watu. Zivaliwe wakati wa kuosha pia, siyo wakati wa dawa tu. Zikishatumika zitupwe, nimeona mafundi wakizigeuza ndani nje na kuzivaa tena, na hapo ni sawa na kuifunga dawa ndani ya mkono. Pete zivuliwe, maana sabuni hujificha chini yake. Jioni na asubuhi apake mafuta ya mgando kwa wingi, yasiyo na manukato. Asipake krimu za kuchanganya za dukani. Nyingi zina steroidi kali, jamii ya vile vidonge vya deksamethasoni, zinatuliza wiki ya kwanza na kuikondesha ngozi baadaye. Na sinki liwe la zamu, wewe mwenyewe ukiwemo.

Kuhusu dawa zenyewe nitasema machache lakini uyashike. Dawa ya kulainisha nywele ina ukali wa pH 12 hadi 14, sawa na sabuni ya magadi kabla haijaiva, na iliyoandikwa "haina lai" (no lye, yaani bila magadi makali) nayo inaunguza. Zile za keratini za kupasi nywele, nyingi hutoa mvuke wa fomaldehaidi pasi ya moto inapogusa, na hiyo ni kemikali inayosababisha saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya ususi wa saluni kwenye kundi la kazi ambazo huenda zinaleta saratani. Na utafiti wa Marekani uliotolewa 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, uliona saratani ya mji wa mimba ikiwa juu zaidi kwa waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara. Ulihusu watumiaji, siyo mafundi, na haukuthibitisha chanzo, kwa hiyo usilale nao kichwani. Fungua mlango na dirisha, feni isukume hewa kwenda nje, usipime wala kuhifadhi dawa kwenye chupa za soda, na keratini kama unaweza iache kabisa. Mimi ningeiacha.

Binti ana miaka 17. Sheria yetu ya Tanzania inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi hatarishi, na mimi dawa na keratini naziweka humo bila kusita. Kwa hiyo hadi atimize umri, mfundishe kusuka, kushona wivingi, kuchana, kupokea wateja na kuandika hesabu. Usidhani unamnyima. Hicho ndicho alichokuja kutafuta, na nadhani wale wawili walioondoka hawakukipata. Nisamehe kwa kukuambia wazi: msichana akifagia na kufua taulo miezi minane bila kushika kichwa, haachi kwa uvivu. Mpe kichwa cha kujifunzia wiki ya kwanza. Mpe mistari miwili ya nyuma kwenye kichwa cha mteja anayekubali. Mlipe kitu, hata kama ni nauli na chakula cha mchana, na wote mle kwa saa ileile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, na saa 24 za kupumzika kila wiki. Ijumaa na Jumamosi za harusi najua haziendi hivyo. Basi Jumatatu ifungwe.

Hapa ndipo mkono wako na kipaji chake vinapokutana. Kichwa kimoja cha rasta ndogo kikisukwa na watu wawili, saa saba zinakuwa nne, na mkono wako unafanya nusu ya mibano. Wewe unaanza utosini na mbele, panapohitaji jicho. Yeye anamalizia urefu. Usipange vichwa viwili vya namna hiyo siku mbili zinazofuatana. Toza kwa saa, na chukua malipo ya awali kwa kazi ndefu, usije ukalazimika kupokea kila anayepita ili kufidia asiyetokea. Kipato kinaweza kushuka mwezi wa kwanza. Sitakuficha hilo. Lakini kupumzika miezi mitatu kwa sababu mkono umekataa kutagharimu zaidi.

Swali lako, uendelee? Ndiyo, kwa namna nyingine. Una miaka 21 ya kuona nywele: unajua ngozi ya kichwa ipi haistahimili mvuto, unajua kumkatalia mteja kwa heshima. Hayo hayako kiganjani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na ukiwa na cheti unaweza kufundisha na kulipwa kwa kufundisha. Binti naye baadaye ataupitia huohuo.

Na mwambie ukweli. Mwambie mkono unakuuma, na kwamba unauma kwa sababu hakuna aliyekufundisha kuketi, kuvaa glovu wala kula mchana. Mwonyeshe stuli mpya. Mwalike mama yake aje Jumamosi moja akae nanyi, aone binti yake anasuka akiwa ameketi, mikono imefunikwa. Akiamua kumtoa hata hivyo, au ikithibitika kuwa ana aleji isiyomruhusu, mwache aende kwa amani na umshauri kuhusu ushonaji au kazi nyingine ya mikono. Kipaji cha vidole hakifi.

Wiki hii nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu Amana haiko mbali, uombe kuonwa kwa ajili ya ganzi ya mkono wenye udhaifu, utaje neno udhaifu, na uombe pia mtaalamu wa fiziotherapia. Nenda naye binti. Yeye abebe makopo na paketi za kila kitu anachogusa saluni, shampuu, dawa, rangi, hata glovu, ili daktari asome kilichoandikwa nyuma.